Jitu la mbao lililochelewa vita

MSOMAJI mpenzi, hebu fikiria uwanja wa kandanda. Simama katika goli la upande huu, ulitazame goli la upande ule. Sasa waondoe wachezaji na refa, na mahali pao uweke mabawa ya ndege moja tu, yanayoanzia hapo uliposimama hadi karibu na mlinda lango wa mbali. Mabawa hayo yana urefu wa mita 97.5 kutoka ncha hadi ncha. Yamebeba injini nane. Na la ajabu kuliko yote, karibu ndege yote imeundwa kwa mbao.

Usidhani hii ni hekaya ya kuwalaza watoto. Ndege hiyo ipo hadi leo, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini McMinnville, jimbo la Oregon, nchini Marekani. Jina lake rasmi ni H-4 Hercules, lakini wengi wanaifahamu kwa jina la dhihaka, Spruce Goose, yaani bata bukini wa mti wa sprusi. Iliruka mara moja tu katika maisha yake, mwaka wa 1947, kwa muda usiotimia hata dakika moja. Tangu siku hiyo haikuruka tena.

Bila shaka utajiuliza: ni nani waliotaka kuunda jitu kama hilo, na kwa nini walitumia mbao? Jibu halipo angani. Jibu lipo chini ya bahari.

Adui asiyeonekana

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mnamo Septemba 1939, Uingereza ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Ni nchi ya kisiwa. Chakula chake, petroli yake na madini yake, sehemu kubwa ililetwa kwa meli. Ujerumani ililitambua jambo hilo vyema. Ukitaka kumshinda jirani yako si lazima uvunje mlango wake. Unaweza kumfungia njia ya sokoni na ya kisimani, ukangoja njaa ikufanyie kazi.

Silaha ya kufunga njia hiyo ilikuwa nyambizi, meli iendayo chini ya maji. Aina iliyotumiwa zaidi na Wajerumani ilikuwa na urefu wa mita 67 hivi na mabaharia wapatao 45 waliobanana humo kama dagaa kwenye mkebe. Ikiwa juu ya maji iliweza kwenda zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Meli za mizigo zilizosafiri kwa misafara aghalabu zilikwenda kilomita 15 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli bila haraka. Kwa hiyo nyambizi ingeweza kuufuata msafara, kuupita na kuusubiri mbele.

Mkuu wa nyambizi hizo, Admirali Karl Dönitz, aliwafundisha makamanda wake kuwinda kama mbwa mwitu. Nyambizi zilijipanga mbalimbali katika mstari mrefu baharini. Ile iliyouona msafara kwanza haikushambulia. Iliwaita wenzake kwa redio. Usiku ulipoingia na kundi likishatimia, zilijitokeza juu ya maji na kuanza kupiga topido, yale makombora yanayosafiri majini. Asubuhi ilipokucha, msafara uliotoka bandarini na meli 40 ungejikuta umepungukiwa na meli kadhaa.

Marekani iliingia vitani Desemba 1941, na mwezi uliofuata nyambizi zikafika katika pwani yake ya mashariki. Miji ya pwani ilikuwa bado haijazima taa. Wajerumani walizitazama meli zikipita mbele ya mwanga wa miji kama vivuli ukutani, wakazipiga moja baada ya nyingine. Katika mwaka huo wa 1942 pekee, nyambizi za Ujerumani na washirika wake zilizamisha zaidi ya meli 1,000 duniani. Meli ya mafuta ilipopigwa, bahari yenyewe iliwaka moto, na baharia aliyeruka majini hakujua ni lipi bora, kubaki melini au kuogelea katika ndimi za moto.

Sasa weka akilini, msomaji, kwamba meli hizi hazikubeba ngano na vifaru tu. Zilibeba pia vijana wa watu, maelfu kwa maelfu, wakipelekwa vitani. Mama aliyempungia mwanawe mkono bandarini hakuogopa risasi za mbele tu. Aliogopa safari yenyewe.

Tajiri wa meli na tajiri wa ndege

Hapo ndipo anapoingia Henry Kaiser. Bwana huyu aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13 tu, lakini alikuja kuwa kontrakta maarufu wa mabwawa na barabara. Vita vilipopamba moto aligeukia kuunda meli. Zilikuwa meli za mizigo zisizo na urembo wowote, zilizoitwa Liberty. Badala ya kuunda meli kipande kwa kipande kama ilivyokuwa desturi, mafundi wake waliunda sehemu kubwa kubwa pembeni, wakazinyanyua kwa winchi na kuzichomelea pamoja. Wanawake wengi ambao hawakuwahi kushika chombo cha kuchomelea walifunzwa kazi hiyo wakaimudu barabara. Mnamo Novemba 1942, kiwanda chake kimoja huko California kiliunganisha meli nzima, Robert E. Peary, kwa muda usiofika siku tano.

Lakini Kaiser aliona uchungu. Alikuwa akiunda meli, nazo nyambizi zikizizamisha. Mnamo Julai 1942 akatoa hoja iliyowashangaza wengi: kwa nini tusiache bahari kabisa? Tuunde ndege kubwa mno, maelfu yake, zibebe askari na mizigo juu ya vichwa vya hao mbwa mwitu. Topido haina mabawa.

Kaiser hakuwa mtu wa ndege. Akamtafuta Howard Hughes, tajiri kijana aliyerithi kampuni ya vifaa vya kuchimbia mafuta kutoka kwa babake, akatengeneza filamu za sinema, na mwaka wa 1938 akaizunguka dunia kwa ndege pamoja na wenzake kwa siku zisizotimia nne. Hughes alikuwa hodari na mwenye kipaji. Pia alikuwa mtu wa kuchunguza jambo dogo mara mia kabla ya kuliachilia. Mkumbuke kwa sifa hiyo ya pili, maana itatufaa mbele.

Mnamo Novemba 1942 serikali ya Marekani ilitoa mkataba wa dola milioni 18 kwa ajili ya ndege tatu. Kila moja ilitakiwa iweze kubeba askari 750 na zana zao, au mizigo mizito kama vifaru. Lakini mkataba ulikuwa na sharti gumu: wasiguse madini yaliyohitajika kwingineko vitani. Alumini, chuma cha kuundia ndege tangu hapo, ilikuwa ikiliwa yote na viwanda vya ndege za kivita. Ndipo jitu likawa la mbao.

Kwa nini ukubwa ni shida

Wanafunzi, hapa chukueni kalamu. Wengi hudhani kwamba ndege kubwa ni ndege ndogo iliyovutwa ikarefuka. Sivyo hata kidogo.

Chukua boksi la kiberiti. Unda jingine ambalo urefu wake, upana wake na kimo chake ni maradufu. Ngozi ya nje ya boksi hilo jipya imeongezeka mara nne. Lakini vilivyomo ndani havikuongezeka mara nne. Vimeongezeka mara nane. Hesabu ni hiyo hiyo kwa ndege. Ukiirefusha mara mbili kila upande, eneo la mabawa yanayoibeba huongezeka mara nne, ilhali uzito wake huelekea kuongezeka mara nane. Kadiri unavyozidi kuikuza, ndivyo uzito unavyoyashinda mabawa. Mhandisi wa ndege kubwa anapigana na hesabu hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni.

Hughes na mafundi wake walikabiliana nayo kwa njia tatu.

Kwanza, mbao. Hawakutumia magogo wala mihimili mizito. Walichukua tabaka nyembamba za mti, hasa mti wa birchi wa nchi za baridi, wakazibandika kwa gundi, moja juu ya nyingine, nyuzi za tabaka hii zikikatana na za ile, kisha wakazibana kwa joto na shinikizo. Kwa lugha ya fundi seremala, ni binamu wa plaiwudi, lakini plaiwudi iliyofinyangwa kufuata umbo la bawa. Misumari midogo ilishikilia kazi hadi gundi ikauke, halafu ikang'olewa. Utaona basi kwamba jina la mti wa sprusi lilikuwa la kumsingizia. Hughes mwenyewe alilichukia jina hilo.

Pili, maji. Ndege ya uzito wa tani 180 ingehitaji magurudumu mazito sana na uwanja mrefu wa lami ambao siku hizo haukupatikana mahali pengi. Bahari ni uwanja usiolipiwa. Kwa hiyo waliipa tumbo la mashua, iruke kutoka majini na kutua majini. Sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa ndege za namna hiyo. Tangu mwaka wa 1937 ndege za Uingereza zilitua ziwani Kisumu zikiwa na barua na abiria, na wakati wa vita ndege za kutua majini aina ya Catalina ziliwekwa Kipevu, Mombasa, kulinda njia za meli katika Bahari ya Hindi.

Tatu, mkono wa rubani. Mkia wa Hercules ulisimama juu kama jumba la ghorofa saba au nane. Hakuna binadamu ambaye angeweza kuusukuma usukani wake dhidi ya upepo kwa nguvu za misuli. Kwa hiyo waliweka mabomba yaliyosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, yaani haidroliki. Rubani alivuta kidogo, mafuta yakafanya kazi ya watu mamia. Tena walihakikisha kwamba rubani anahisi uzito kiasi mkononi mwake, asije akavuta kupita kiasi bila kujua. Injini nane zilikuwa na nguvu za farasi 3,000 kila moja.

Ndege hiyo ilipokamilika, mwili wake ulikuwa na urefu wa mita 66.6. Linganisha na ile nyambizi ya mita 67 tuliyoitaja. Chombo cha angani kilikaribia sana urefu wa kile chombo cha majini kilichosababisha kiundwe.

Lakini yote hayo yalihitaji muda. Kila gundi ilijaribiwa, kila kiungo kikachunguzwa tena na tena, kwa maana hakuna aliyewahi kufanya kazi kama ile. Miezi ikapita. Mwaka ukapita.

Vitu vidogo vyashinda

Nyambizi nazo hazikungoja. Wala wale waliopigana nazo.

Dawa ya nyambizi haikutoka katika kiwanda kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Misafara ilipewa manowari zaidi za ulinzi. Rada ilifanywa ndogo ikaingia ndani ya ndege, ikawa inaona nyambizi gizani. Mitambo mingine ilinasa redio za nyambizi zilipoitana, ikaonyesha zilipo. Huko Bletchley Park, Uingereza, wanahesabu na wasaidizi wao, wengi wakiwa wanawake, walifumbua maandishi ya siri ya mashine ya Wajerumani iitwayo Enigma. Manowari ndogo za kubebea ndege zikaanza kufuatana na misafara. Ndege za Liberator ziliongezewa petroli zikafika katikati ya Atlantiki, mahali ambapo hapo awali hapakufikiwa na ndege yoyote ya ulinzi, na ambapo mbwa mwitu walikuwa wakila bila kusumbuliwa.

Mnamo Mei 1943 mambo yakageuka. Katika mwezi huo mmoja Wajerumani walipoteza nyambizi 41. Tarehe 24 Mei, Dönitz aliziamuru nyambizi zake ziondoke Atlantiki ya Kaskazini. Zilirejea baadaye, lakini hazikutamba tena kama zamani. Kabla vita havijaisha, karibu watu 30,000 kati ya 40,000 hivi waliotumikia katika nyambizi za Ujerumani walikuwa wamekufa. Upande wa pili, mabaharia zaidi ya 30,000 wa meli za biashara walikuwa wamezama pia. Bahari haikumbagua mwana wa mtu.

Na zile meli za Liberty, zisizo na urembo? Kwa jumla ziliundwa 2,710. Ilifika wakati viwanda vilikuwa vikitoa meli upesi kuliko nyambizi zilivyoweza kuzizamisha. Ni kana kwamba Kaiser alikwenda kutafuta dawa angani, ilhali dawa ilikuwa kiwandani mwake mwenyewe.

Ndege kubwa nazo zilikuwa zimeanza kuonyesha udhaifu wao. Wajerumani walikuwa na jitu lao, Messerschmitt 323, lenye injini sita, lililovusha askari na mizigo Bahari ya Mediterania kwenda Tunisia. Tarehe 22 Aprili 1943 msafara wa ndege hizo, uliobeba petroli, ulikutana na ndege za kivita za adui. Nyingi ziliangushwa baharini. Aliyekimbia papa alikutana na mwewe.

Mapema mwaka wa 1944 wakubwa wa Washington walitaka kuufuta mpango wa Hughes. Kaiser alikwisha kuchoka akajitoa. Hughes alishikilia, na hatimaye akaruhusiwa kumaliza ndege moja badala ya tatu.

Siku ile ya Khedive Ismail

Usije ukafikiri, msomaji, kwamba hofu ya safari ya bahari ilikwisha mwaka wa 1943, au kwamba ilikuwa hofu ya Wazungu na Wamarekani tu. Hapa kwetu inalo kovu lake.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli za askari ulitoka bandari ya Kilindini, Mombasa, ukielekea Colombo, katika nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail. Ilibeba watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, Waafrika pamoja na maofisa wao, waliokuwa njiani kuelekea vita vya Burma. Walikuwamo pia wauguzi wanawake.

Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Fikiria askari aliyekuwa chini kabisa, katika sitaha za ndani. Dakika tatu hazitoshi hata kuchemsha chai.

Kisha likafuata jambo gumu zaidi. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya wale walionusurika, waliokuwa wakielea na kuomba msaada. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, zilikuwa na chaguo moja kati ya mawili, yote machungu: kuiacha nyambizi izipige meli nyingine zilizojaa watu, au kutupa mabomu yanayolipuka chini ya maji mahali pale pale palipokuwa na watu. Walitupa mabomu. Nyambizi ilizamishwa baadaye siku hiyo hiyo. Kati ya watu 1,511, waliokufa ni 1,297.

Ukienda katika makaburi ya vita yaliyoko barabara ya Ngong, Nairobi, utaikuta kumbukumbu ya Afrika Mashariki, ambapo wanajeshi waliopotea na meli hiyo wanakumbukwa pamoja na wenzao wasio na kaburi.

Sasa piga hesabu. Ndege mbili za Hughes, kama zingekuwapo na kama zingetimiza ahadi yake, zingebeba askari 1,500. Ni takriban watu wote wa Khedive Ismail. Hatuwezi kusema kwamba wangefika salama. Tumeona yaliyowapata Wajerumani kule Tunisia. Lakini hesabu hiyo inatuonyesha kwamba wazo la Kaiser halikuwa la kipuuzi. Lilikuwa wazo la mtu aliyeielewa hofu ya mzazi. Kasoro yake ilikuwa moja: Februari 1944 ndege hiyo ilikuwa bado ni mbao na gundi bandani, huko California.

Maili moja ya heshima

Vita vilikwisha 1945. Jitu lilikuwa bado halijakamilika. Katika Juni 1946 mabawa na mwili wake vilisafirishwa kwa barabara, vipande vipande, kutoka Culver City hadi bandari ya Long Beach. Nyaya za umeme na simu zililazimika kuondolewa njiani ili vipite. Mwezi uliofuata Hughes mwenyewe aliumia vibaya alipoanguka na ndege nyingine aliyokuwa akiijaribu.

Mnamo Agosti 1947 aliitwa mbele ya kamati ya baraza la seneti. Maseneta walitaka kujua zilikokwenda fedha za umma katika ndege isiyoruka. Hughes alijibu kwa ukali kwamba ametia humo pia mamilioni ya dola zake mwenyewe, na akaapa kwamba ndege ile ikishindwa ataihama Marekani.

Tarehe 2 Novemba 1947 alialika waandishi wa habari bandarini. Alisema ni majaribio ya kuikimbiza juu ya maji tu. Mara ya kwanza ikakimbia. Mara ya pili ikakimbia. Baadhi ya waandishi wakashuka kwenda kupeleka habari zao. Mara ya tatu, Hughes akiwa kwenye usukani, povu likakatika chini ya tumbo la ndege, na kelele za mawimbi yaliyokuwa yakigonga mbao zikanyamaza ghafla. Jitu lilikuwa hewani. Liliruka kimo cha mita 21 hivi, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, likaenda takriban maili moja, yaani kilomita 1.6, kisha likatua taratibu. Wale waandishi walioshuka mapema wakaikosa habari kubwa ya maisha yao.

Hughes alithibitisha kwamba linaruka. Lakini hakukuwa tena na wa kulihitaji. Alilifungia katika banda maalumu lenye hewa iliyodhibitiwa, akaajiri watu wa kulitunza, na likakaa humo hadi alipofariki mwaka wa 1976.

Mwaka wa 1983 watu wote wakaruhusiwa kulitazama, ndani ya kuba kubwa huko Long Beach. Na jirani yake bandarini ilikuwa nani? Queen Mary, meli ya abiria iliyogeuzwa ya askari wakati wa vita. Meli hiyo ilikwenda upesi kuliko nyambizi, na katika safari moja ya Julai 1943 ilivusha Atlantiki zaidi ya watu 16,000 na kuwafikisha salama. Kwa miaka kadhaa mzee aliyeifanya kazi na kijana aliyechelewa kuifanya walikaa bega kwa bega, wakitazamwa na watoto wa shule. Mnamo 1992 ndege ilifunguliwa vipande na kuanza safari ya Oregon, iliko sasa.

Mbegu haikuoza yote

Je, ilikuwa hasara tupu? Hapana. Leo hakuna ndege kubwa ya abiria inayoongozwa kwa misuli ya rubani. Nguvu ya kumsaidia mkono, ambayo Hughes aliihitaji kabla ya wengi, imekuwa jambo la kawaida. Boeing 747 iliporuka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1969, na Airbus A380 mwaka wa 2005, ndoto ya kubeba mamia ya watu juu ya bahari kwa safari moja ilikuwa imetimia. Lakini zilikuwa za alumini, za injini za jeti, na zilitua kwenye lami, kwa sababu dunia ilikuwa imejenga viwanja virefu.

Kwa upana wa mabawa, Hercules ilishikilia nafasi ya kwanza kwa zaidi ya miaka 70. Hata Antonov 225, ndege nzito kuliko zote, iliyoharibiwa vitani nchini Ukraine mwaka wa 2022, ilikuwa na mabawa ya mita 88.4. Ni mwaka wa 2019 tu ndipo ndege iitwayo Stratolaunch, yenye mabawa ya mita 117, ilipoipita.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wahenga hao hao walisema pia kwamba haraka haraka haina baraka. Wote wawili wana haki, na kazi yetu ni kujua ni yupi wa kusikilizwa na lini. Kaiser aliunda meli za kawaida, zenye kasoro zake, lakini zilifika siku zilipohitajika. Hughes aliunda kitu cha ajabu kisicho na kifani, kikafika wageni wakiwa wamekwisha kula na kuondoka.

Basi wewe unayepanga jambo kubwa, uwe mwanafunzi unayejiandaa kwa mtihani au mzazi unayetafuta karo, jiulize si tu kama jawabu lako ni zuri, bali pia kama litafika kwa wakati. Na Jumapili moja ukipata nafasi, wachukue watoto uwapeleke barabara ya Ngong wakayasome majina ya wale waliotoka Kilindini mwaka wa 1944. Walingojea njia salama ya kuvuka bahari, nayo haikuwafikia.